Ditekta Iliyonyamaza Kwenye Mchanga wa Chumvi

Imenyamaza! Nimeishika juu ya mchanga uliolowa, wimbi linanipiga vifundoni, hapa pwani ya Kilindoni, kisiwani Mafia, na mashine haisemi neno. Asiyewahi kubeba ditekta atashangaa mtu anafurahia nini ikiwa chombo cha kutafuta metali kimekaa kimya. Aliyewahi kuitembeza ditekta ya kawaida kwenye maji chumvi ananielewa tayari, maana anazikumbuka zile kelele: ukiinua, inalia, ukishusha, inalia, wimbi likija, inalia mpaka unaizima kwa hasira. Hii haikulia. Kisha nikaipitisha juu ya sarafu ya shilingi 200 niliyoifukia shibiri nzima chini, nayo ikatoa mlio mmoja safi, ukienda kushoto ni uleule, ukirudi kulia ni uleule. Nilipiga kelele hadi wavuvi waliokuwa wakikung'uta nyavu wakageuka kunitazama.

Jina lake ni Legend, inatengenezwa na kampuni ya Nokta ya Uturuki. Ilikuja kisiwani kwa boti ya Nyamisati, ndani ya gunia, pamoja na mashine nyingine mbili za rafiki yangu wa Dar es Salaam: moja ya bei nafuu yenye frikwensi moja, na nyingine ya mapigo, kubwa, nzito, ya kuingia nayo majini. Hizo mbili chapa zake sizitaji, kwa kuwa nitakayosema juu yake ni tabia ya aina yake yote, iwe imetoka kiwanda gani. Tulisubiri bamvua, siku ambazo maji ya Mafia hukauka mpaka unajiuliza bahari imekwenda wapi, tukafukia vitu kwa mstari kuanzia mchanga mkavu hadi ukingo wa maji, kila kimoja kwa kina kilichopimwa, kisha tukapokezana mashine. Haya ni maoni ya mwanzo. Lakini jamani, mwanzo wenyewe!

Kwanza nieleze kwa nini kimya kile kilinirusha. Ndani ya koili, lile duara lililo mwishoni mwa fimbo, unapita mkondo wa umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Mkondo huo hujenga uga wa sumaku unaozama mchangani. Uga ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hujenga uga wake, ambao koili huusikia ukirudi. Fedha na shaba nyekundu hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo jibu lao huchelewa. Dhahabu nyembamba na karatasi ya alumini hujibu upesi. Chuma kina mambo yake, kwa kuwa chenyewe hushikwa na sumaku. Mashine inaupima huo ucheleweshaji na kukupa mlio masikioni na namba kwenye kioo. Kwa Legend namba huanzia 1 hadi 60, na kadiri inavyopanda ndivyo metali inavyoelekea shaba na fedha.

Maji ya bahari nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo ufukwe mzima uliolowa unakuwa kama metali moja pana isiyo na mwisho, na jibu lake linafanana mno na la dhahabu nyembamba. Ditekta yenye frikwensi moja haina namna ya kutenganisha. Kuitumia kwenye mchanga wa chumvi ni kumsikiliza mtu anayenong'ona kwenye harusi yenye matarumbeta. Unaweza kupunguza usikivu mpaka kelele ziishe, ila hapo na sarafu inapotea. Ndivyo ilivyotutokea: ile mashine ya bei nafuu, ambayo kwenye mchanga mkavu chini ya minazi ilifanya kazi ya kuheshimika, ilipofika kwenye maji tukalazimika kuibana mpaka ikawa haioni sarafu iliyopita nusu shibiri.

Legend inatuma frikwensi kadhaa kwa mpigo na kulinganisha majibu. Chumvi hujibu kwa namna moja inayotabirika katika frikwensi hizo zote, sarafu hujibu kwa namna nyingine, na kompyuta iliyomo ndani inaitoa chumvi na kubakiza sarafu. Wazo lenyewe si geni. Minelab ya Australia ilikuwa na mashine za frikwensi nyingi tangu miaka ya 1990, na Equinox yao ya mwaka 2018 ndiyo iliyoufanya uwezo huo uingie kwenye mikono ya watu wengi. Lakini kuusoma ni jambo moja, na kusimama Kilindoni huku maji yanakuja na mashine imetulia ni jambo jingine kabisa!

Sasa vile tulivyofukia. Mzee mmoja jirani alitufungulia kijaluba chake cha vitu vya kale na kutuazima sarafu mbili: pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile ya mwaka 1299 Hijria yenye mizani upande mmoja, na heller ya Mjerumani. Alitupa kwa sharti. “Wanangu, mkiipoteza hiyo pesa msirudi kwangu,” akasema, na akatufuata mwenyewe mpaka ufukweni, akakaa juu ya dau lililopinduliwa kuhakikisha kila tunachokifukia kinafukuliwa.

Pesa ya Barghash ilikuwa bingwa wa siku. Shaba ile ina mlio wa juu, mtamu, hata tulipoishusha shibiri moja na vidole vitatu Legend iliitambua bado, ingawa namba zilianza kuyumba. Heller nayo, shaba ya madini mchanganyiko, haikutusumbua. Ya kushangaza ilikuwa shilingi 500. Sarafu hii iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli, na ukiweka sumaku inanasa. Kwa hiyo ditekta inaiona kwa macho mawili: mara namba inaruka juu kana kwamba ni fedha, mara inazama kwenye eneo la chuma. Shilingi 200 iliyo kando yake, isiyo ya chuma, inasema neno moja tu bila kugeuza. Anayetaka kujifunza lugha ya mashine yake aanze na sarafu hizi mbili. Hazina gharama, na zitamfundisha zaidi ya kitabu chochote cha maelekezo.

Vizibo vya soda, hao ndio mahasidi! Ni chuma, lakini umbo lao la duara lililokunjwa pembeni linaidanganya mashine iseme sarafu. Legend ina kichujio chake cha vizibo na kinasaidia sana, ila sikio linasaidia zaidi, maana mlio wa kizibo una mkwaruzo mwishoni. Chubwi za wavuvi, zile za risasi, zinalia vizuri na kwa kina kirefu. Ukiishi Mafia utachimba chubwi mpaka uzoee. Niwe mkweli kuhusu dhahabu nyembamba pia: tulifukia kipini kidogo, na kwenye mchanga wa maji kilipotea hata kikiwa karibu kabisa na uso. Hakuna ditekta ya kubagua inayokwepa jambo hili, kwa kuwa anayeitoa chumvi anatoa pia kinachofanana na chumvi. Ukikipeleka kipini hicho kwenye mchanga mkavu na kuweka Legend kwenye kilohezi 40, kinalia kama kawaida. Kwa hiyo aliyepoteza kipini asikimbilie kutafuta wakati maji yamejaa. Asubiri mchanga ukauke.

Watu huniuliza kwanza kina. Inakwenda chini kiasi gani? Naelewa swali, lakini linapotosha. Jibu la kitu kidogo hupungua kwa kasi ya kutisha kadiri unavyokwenda mbali: ukiongeza umbali mara mbili, kinachorudi kwenye koili hupungua takriban mara 64. Ndiyo maana mashine ya bei mara tatu haichimbui sarafu iliyo chini mara tatu. Koili kubwa zaidi inasogeza mpaka kidogo, lakini inapoteza vitu vidogo na inachanganya vilivyo karibu karibu. Unachonunua kwa pesa ya ziada ni utulivu na kubagua, na katika kisiwa hiki kubagua ndiko kila kitu, kwa sababu ya misumari.

Misumari! Mafia ni nchi ya vyombo vya mbao. Mafundi wa Chole na Jibondo wamejenga na kukarabati majahazi na mashua kwa vizazi, na kila chombo kilichowahi kulazwa ufukweni kugongwa kalafati kimeacha misumari yake. Mchanga wa baadhi ya sehemu umejaa kutu mpaka mashine inaguna bila kukoma. Hapo ndipo nilipoipenda Legend kwa moyo wangu wote. Tulilaza msumari wa mashua upana wa vidole vinne kutoka kwenye heller, vyote kwa kina kimoja, tukafunga koili ndogo. Mpito wa kwanza: mguno wa chuma, halafu papo hapo mlio wa juu wa shaba, kila kimoja peke yake, bila kuungana! Mwenzangu alifikiri nimebonyeza kitu. Tukageuza upande, tukapita kwa mapana, sauti mbili zilezile. Mashine inayochelewa kupata pumzi baada ya kuona chuma ingeimeza heller ile yote, na kwa hakika ile ya frikwensi moja iliimeza.

Ya mapigo ni simulizi tofauti. Hii haitumi mawimbi mfululizo. Inatuma pigo kali la umeme, inalikata ghafla, kisha inasikiliza jinsi mwangwi unavyokufa. Chumvi hufa upesi sana, mashine inaisubiri ife ndipo ianze kusikiliza. Kwa sababu hiyo haijali maji, haijali udongo. Ilitupita wote kwa kina: shibiri moja na nusu kwa shilingi 200, kwenye mchanga unaochuruzika maji. Nilibaki mdomo wazi. Tatizo ni kwamba haijui msumari na pete. Kila kitu kwake ni mlio. Kwenye ufukwe msafi wa mashariki, ambako hakuna aliyewahi kugonga mashua, ni mfalme. Nyuma ya karakana ya mashua utachimba hadi machweo na kurudi na kikapu cha kutu. Teknolojia hii ndiyo iliyoko ndani ya mashine nyingi kubwa za wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita, na huko ina haki yake, kwa kuwa ule udongo mwekundu wenye chuma ndani yake huzitia wazimu mashine nyingine. Mafia ni mchanga na chokaa ya matumbawe, ardhi pole. Tulisawazisha Legend kwa ardhi kwa kupandisha na kushusha koili, na ikakubali mara moja.

Nisipite bila kusema hili, kwa kuwa limewamaliza watu ninaowajua. Tanzania nzima kuna hadithi za rupia, mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mbuyu au mlango wa boma, na kuna watu wanaozunguka na vipimo vya antena, fimbo mbili zinazojigeuza zenyewe mkononi, wakidai zinavuta dhahabu kutoka umbali wa kilomita. Hazifanyi kazi. Hazina koili, hazina uga wa sumaku, nyingi hazina hata betri. Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 mwaka 2013 kwa kuuza antena za namna hiyo kama vitambuzi vya mabomu. Zilikuwa zimetumika kwenye vizuizi vya barabarani Iraki, na watu walikufa. Mtu akikuletea fimbo ya antena, fukia shilingi 200 bila yeye kuona, kisha mwambie aitafute. Ditekta ya kweli itaipata chini ya koili yake, haitaipata kutoka ng'ambo ya shamba.

Na sasa, jambo linalonifanya nisilale. Tunatembea juu ya nini hapa? Kusini-magharibi, Ras Kisimani, kulikuwa na mji wa Kisimani Mafia uliokuwa ukistawi enzi za masultani wa Kilwa. Neville Chittick alichimba pale na kuchapisha ripoti yake mwaka 1961, na sarafu za shaba za Kilwa zimepatikana huko. Ni sarafu ndogo, zisizo na tarehe, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno yenye vina yanayokamilishana upande wa pili. Bahari imeumeza sehemu kubwa ya mji ule na bado inakula. Ng'ambo, kisiwani Juani, yapo magofu ya Kua, kasri na misikiti, mji ulioangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Sarafu za Kilwa zilisafiri mpaka zikaokotwa Great Zimbabwe, na mwaka 1944 nyingine zikaokotwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia! Hicho kipande cha shaba, chepesi kama jani, kina uwezo wa kubadili ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi, lakini pale tu kinapojulikana kilikuwa wapi, kina gani, karibu na nini.

Kwa sababu hiyo hatukuipeleka Legend Kua wala Kisimani, na wewe usiipeleke. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamkataza mtu kuchimba kutafuta mabaki bila leseni, na kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa kuwa mabaki ya kale. Ukikutana nacho kwa bahati ufukweni, kiache kilipo, piga picha, weka alama, kawaambie watu wa Mambo ya Kale au ofisi ya wilaya. Sarafu iliyong'olewa na kuuzwa Kariakoo imekufa. Nasema hivi kwa uchungu kwa kuwa naipenda mashine hii, na sitaki ifike siku jina lake liwe sawa na la jembe la mwizi.

Wakati huohuo natamani kwa nguvu zangu zote kuona ditekta mikononi mwa wataalamu wetu. Mwaka 1984, kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn nchini Marekani, wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox walipanga watu wenye ditekta kwa mistari, kila risasi na ganda likawekewa kibendera na kupimwa mahali pake, na kutokana na ramani hiyo wakaweza kufuata jinsi mapigano yalivyokwenda. Fikiria hilo likifanyika kwetu! Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakatengeneza hapa uwanja wa ndege, na ndege zilizoruka kutoka kisiwani ndizo zilizoelekeza mizinga ya manowari za Severn na Mersey mpaka meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikamalizwa ndani ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Uwanja ule, kambi ile, nyayo zote zile za chuma na shaba nyeupe, huenda bado zimelala chini ya minazi na mikorosho zikisubiri mtu mwenye leseni, kamba za kupimia na mashine inayojua kutofautisha kifungo cha sare na msumari.

Ila ukigundua chuma kizito chenye umbo la ganda la mzinga, popote pale pwani yetu, usichimbe. Rudi kwa njia uliyoijia na uite polisi. Kazi ya vilipuzi ina wenyewe, na hapa nchini ina wenye mikia: shirika la APOPO pale Morogoro linafunza panyabuku kunusa baruti ya TNT. Panyabuku hajali metali hata kidogo, kwa hiyo misumari na vizibo vinavyomchelewesha mtu mwenye ditekta havimhusu. Eneo linalolingana na uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye ditekta anaweza kuchukua hadi siku nne. Panyabuku Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Hakuna koili duniani inayonusa hivyo, na ninamheshimu.

Kwa anayenunua kwa ajili ya fukwe zetu, ushauri wangu umesimama: frikwensi nyingi kwanza, mengine baadaye. Legend inaingia majini hadi mita 3, inatosha kwa anayetembea na maji ya kifua. Anayepiga mbizi aangalie XP Deus II ya Ufaransa, inayokwenda hadi mita 20, lakini kumbuka sehemu kubwa ya bahari hii ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na huko hutoi kitu bila ruhusa. Nunua chepe yenye matundu, ya chuma kisichoshika kutu, kabla hata ya hedifoni. Suuza koili na kiungo cha waya kwa maji baridi kila ukirudi, maana chumvi ya Mafia haina huruma. Na weka usikivu chini kidogo ya pale unapotamani. Nilipopunguza kidogo tu, sarafu zilisikika zaidi.

Mzee alirudishiwa pesa yake ya Barghash na heller yake. Akaomba hedifoni azivae mwenyewe, akaipitisha koili juu ya mchanga taratibu, mara ikalia. Tukachimba: chubwi. Akaipima kiganjani, akasema hii ni nzuri, na akaitia mfukoni.